Mpaka Kwenye Diski

Jumatatu, 5 Novemba 2007
Chai, dawa ya presha, kompyuta. Nimepangusa vumbi kwa unyoya wa kuku, nikaandika maneno matano ya Kimgao niliyopewa na Bibi Somoe wa Mikindani. Lahaja hiyo imebaki kwa wazee wachache, na yeye ndiye anayeijua zaidi. Mashine imeganda mara mbili. Virusi tena. Leo sijali. Basi la Dar limeleta CD kutoka kwa binti yangu Salma. Ni Linux, mfumo endeshi wa bure, na menyu zake ni za Kiswahili. Kwa furaha hata chakula hakikupita.

Jumanne, 6 Novemba
Nimesoma chote kijitabu kilichokuja na CD. Windows siwezi kuifuta, printa yangu haielewi kitu kingine. Basi zitakaa zote mbili. Nijieleze kama darasani: diski kuu ni shamba. Unapiga mpaka. Kila mfumo endeshi unajenga upande wake, na mashine ikiwaka inakuuliza uingie upande upi. Diski yangu tayari ina pande mbili, C na D. Windows iko C. Maneno ya Bibi yako D, na D ndiyo nitakayoipa Linux.
Kijitabu kinasema nakili kazi zako kwanza. Sioni haja. Shamba la marehemu baba lilipokwenda kwa ami, mikorosho niliyoipanda ilibaki yangu. Mpaka leo naokota korosho zake. Ardhi ni ya mwenye ardhi, mti ni wa aliyeupanda.

Jumatano, 7 Novemba
Umeme haukukatika. Kwa muda wa saa moja na nusu, macho kwenye kioo. Imewaka! Faili. Hariri. Tazama. Nimefundisha miaka thelathini na sijawahi kuona mashine ikinisemesha kwa lugha yangu. Nimemwita Mama Salma. Ameitazama orodha ya kuchagua mfumo, akasema, "Kumbe Mwalimu umeoa wa pili. Zamu umeshazipanga?" Nimezima na kuwasha mara sita, kwa raha tu.

Alhamisi, 8 Novemba
Maneno hayapo. D haipo. Mgeni hakuhamia tu, alifyeka kwanza. Kazi ya miaka mitatu. Madaftari nilimoyaandika kwanza yalikuwa stoo, mchwa wameyamaliza. Nilionywa kwa maandishi na sikusikia. Mjinga mimi.

Ijumaa, 9 Novemba
Baada ya swala nimekwenda Mikindani. Nimemweleza Bibi Somoe yote, pamoja na habari ya mikorosho. Amecheka mpaka akashika mbavu.
"Mwalimu mzima, unampa mtu shamba hujavuna?"
Nimeomba radhi. Nimesema sijui kama nina uso wa kumwomba tuanze upya.
"Yale yalikuwa ya baharini na sokoni, ndiyo uliyouliza. Ya jikoni na ya uzazi hukuniuliza hata siku moja. Hayo ya zamani tutayarudia. Kaa, mwanangu, andika."
Nimeandika mpaka kalamu ikaisha wino. Nimerudi nyumbani Likombe nikitembea kama kijana.

Jumapili, 11 Novemba
Nimewasha upande wa Kiswahili. Nimeingiza maneno arobaini na moja, yote mapya kwangu. Nimeyanakili kwenye CD mbili. Moja iko kabatini. Ya pili nimempelekea Bibi Somoe, asiye na kompyuta. Ameigeuza, amejitazama humo kama kwenye kioo, akaifunga ndani ya kanga na kuiweka kwenye kasha lake.