Mikono Isiyosikia Moto

Uru, nyumbani kwa marehemu mzee Filbert,
S.L.P. ya Parokia,
Moshi.
14 Juni 1999

Mpendwa mdogo wangu Tito,

Habari za Mwanza? Wewe hujambo, na Violet je? Mtoto ameshaota meno mangapi? Mimi nipo, magoti yananisumbua na baridi hii ya mwezi wa sita, lakini naamka. Masika ilitosha na migomba imesimama vizuri. Kahawa usiniulize, bei yake inanipandisha hasira na leo nina jambo jingine. Kaa chini kwanza. Kama barua imekukuta kazini, ikunje uisome nyumbani, mkeo akiwepo.

Mama ana ukoma.

Nimeliandika neno hilo nikalitazama muda mrefu kabla ya kuendelea. Mimi nilijua ukoma ni wa kwenye Injili. Tunausikia kanisani, tunasema Amina, tunarudi nyumbani kula. Sikujua kwamba miaka yote hii tunakaa nao jikoni.

Ilikuwa hivi. Wiki mbili zilizopita, siku ya Alhamisi, walikuja watafiti watatu kutoka mjini. Wanapita nyumba hadi nyumba huku Uru wakitafuta watu wenye mabaka kwenye ngozi. Mkubwa wao ni daktari wa kike anaitwa Gladys, umri wake kama wako. Alisema watu wengi wanaamini ugonjwa huu umekwisha, na wao wanataka kujua kama umekwisha kweli au ni watu tu walioacha kuutafuta. Nikamjibu, tena kwa kiburi, kwamba kwetu wamepotea njia. Nikawaambia wakae wanywe chai wakaendelee na safari yao.

Mama alikuwa anachemsha ndizi za pombe ya mbege kwa ubatizo wa mtoto wa Elizabeth. Aliposikia wageni akaishika ile sufuria kubwa kwa mikono mitupu, akaiepua, akaja kusalimia. Wewe unajua. Nani hapa Uru asiyeijua mikono ya mama? Wenzake wanashikia majani ya mgomba, yeye anawacheka. Harusi ngapi ameitwa kupika pombe kwa ajili ya mikono hiyo? Nilipokuwa na miaka tisa nilijaribu kumwiga nikaungua mpaka nikalia siku mbili, na akaniambia mimi sikuirithi mikono yake. Iliniuma hiyo kuliko moto.

Daktari aliupokea mkono wa mama na hakuuachia. Akaugeuza. Palikuwa na lengelenge jipya, la dakika ile ile, na mama anatabasamu tu. Halafu akavitazama vile vidole viwili vya mwisho vilivyojikunja, ambavyo sisi tulisema ni uzee na kuchuma kahawa.

Akamwomba mama afumbe macho, na kila atakapoguswa aseme ndiyo. Akatoa kalamu yake ya wino wa bluu, akaanza kumgusa kiganjani kwa ncha. Mimi nimesimama pale pale naona. Mama kimya. Akahamia vidoleni, mama kimya. Mwisho mama akasema, macho yake bado yamefumbwa:

"Anza basi, mwanangu, ndizi zangu zinapoa."

Alikuwa ameshaguswa mara kumi na moja. Nilihesabu.

Alipofumbua macho akaziona nukta za bluu kiganja kizima, akauliza nani amemchora. Nilitoka nje nikashikilia mgomba. Tito, tulimsifu mama yetu kwa ugonjwa. Watoto wake wa kumzaa, tulisimama tukampigia makofi akiungua.

Vipimo vya mjini vikasema hivyo hivyo. Sasa anameza dawa, atameza miezi kumi na miwili, na anapewa bure. Siku ya kwanza mkojo ukawa mwekundu, akaniita kwa kelele akidhani anakufa, kumbe daktari alishamwambia kwamba dawa inafanya hivyo na yeye akasahau. Tulicheka kidogo, ndiyo mara ya kwanza tangu Alhamisi ile.

Daktari Gladys ameeleza mara nyingi mpaka nimekariri. Si laana wala hatukurogwa, na haurithiwi kama pua. Ni kijidudu, kinapita kwa pumzi za watu waliokaa pamoja miaka mingi, na wengi hata kikiwaingia hakiwafanyi kitu. Mtu akishaanza dawa haambukizi tena. Lakini kinakula mishipa ya hisia polepole, miaka na miaka, bila maumivu, ndiyo maana hakuna anayekwenda hospitali. Hisia ya mama iliyokwisha kupotea haitarudi. Dawa itazuia iliyobaki isipotee.

Ubatizo ulifanyika na mbege ikanywewa, ila sikiliza hili. Mzee Shedrack, yule jirani aliyekuwa akifika kabla pombe haijachachuka vizuri, habari za mama zilishamfikia, akaja na kikombe chake cha bati mfukoni. Mama alijaza kata ya kunywea, akaonja kwanza kama inavyotakiwa, akamnyooshea. Yeye akatoa kikombe chake, akaomba amiminiwe humo kutoka kwenye ndoo. Mama aliona. Alikaa na ile kata mkononi mpaka watu wakaanza kuondoka. Nusura nimmwagie yule mzee pombe miguuni, pamoja na shikamoo zote ninazompa.

Sasa nakuja kwako, na ndiyo sababu ya barua hii.

Barua yako ya Pasaka niliisoma kwa sauti jikoni. Ulituambia pale kwenye kiwanda cha mikate wamekupa jina la Mkono wa Chuma, kwa sababu unachomoa sinia za mikate kwenye tanuri bila kitambaa. Uliandika, "Mwambie mama mikono yake iko Mwanza." Mama alifurahi mpaka akapiga kigelegele. Mimi niliona wivu, Mungu anisamehe. Baada ya watafiti kuondoka niliichukua tena barua ile, na nilipofika kwenye mstari huo nikakaa chini sakafuni.

Halafu lile baka la begani kwako, jeupe jeupe, tuliloliita ramani. Mama anasema ulizaliwa nalo. Si kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nakuogesha. Ulipoanza shule halikuwepo, na ulilala kitanda kimoja na mama mpaka mwaka ule.

Kwa hiyo fanya ninavyokuambia, na usinijibu kwamba wewe ni mwanaume mzima. Leo hii fumba macho, umpe Violet kalamu ya wino. Akuguse taratibu kwenye viganja, vidole na lile baka, na wewe useme kila unaposikia. Kisha fumbua macho mhesabu nukta. Mimi nilifanyiwa hivyo na daktari na nukta zangu zote nilizisikia, nikaona haya mbele ya mama kuwa mzima. Ikipatikana hata moja ambayo hukuisikia, usirudi kwenye tanuri. Nenda hospitali, na Violet na mtoto waende nao wakaangaliwe. Daktari amesema anayewahi mapema hubaki na vidole vyake vyote. Na ukiniandikia, usinifiche chochote.

Wasalimie sana Violet na mtoto, na dada Maulida jirani yenu anayewasomea barua mkiwa na uvivu. Elizabeth anakusalimu, na mtoto wake aliyebatizwa anaitwa Primus. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akurudishie maumivu kama yamekutoka. Sikuwahi kufikiri nitamwombea mtu baraka ya namna hiyo.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata ninapokugombeza,

Priska

Nyongeza: Tundu unaloliona hapa chini, usidhani ni panya. Mama alitaka aandike jina lake mwenyewe ili uamini kwamba ameridhia nikuambie. Alifika kwenye herufi ya tatu ya Bernadetha, kalamu ikatoboa karatasi, na yeye akaendelea kuandika juu ya meza.