Nawashibisha mbwa wa mume wangu kabla ya mawindo, na sasa mbwa mzee ndiye anayehukumiwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unipatie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi kuna mbwa atakayeuawa kwa kosa langu na mimi nimekaa kwenye cherehani napiga pindo kama mtu asiyejua kitu.

Mimi ni fundi wa nguo, kazi naifanyia nyumbani, cherehani yangu iko chumba cha mbele karibu na dirisha. Mume wangu ni fundi wa kupaka rangi magari, mtu mpole, hanywi, hapigi kelele, kasoro yake ni moja tu nayo ina miguu ishirini na minne: anafuga mbwa sita wa kuwindia paa. Kusema kweli si mbwa wake peke yake, ni mbwa wa ukoo, ila banda liko uani kwetu na chakula chao nachemsha mimi. Mkubwa wa mawindo ni Ba'mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe wangu, ndiye aliyemlea mume wangu, ndiye mwenye bunduki na ndiye mwenye kauli. Kila Jumamosi mume wangu akitoka gereji saa sita wanapakia mbwa kwenye pikapu wanaelekea msitu ulio nyuma ya tanuri za matofali, na kibali cha kuwinda wanacho, kimebandikwa sebuleni kwa Ba'mkubwa juu ya televisheni, kwa hiyo usinijibu habari za sheria, hilo limeshatazamwa.

Mambo yalianza siku waliporudi na paa jike. Ba'mkubwa alikaa sebuleni kwetu na chai yake akasimulia walivyomkimbiza tangu mchana mpaka jua likapoa, mbwa wanapokezana, wawili wakichoka wawili wanaingia, hadi paa akafika kijitoni akasimama ndani ya maji ulimi nje, hakimbii tena, anawatazama tu, hata risasi yenyewe haikuhitaji kulengwa, na hapo akacheka, nami nikamgeukia mume wangu maana yeye ndiye humalizia hadithi za Ba'mkubwa, lakini alikuwa ameinama anakwangua rangi kwenye kucha. Mimi mdomo wangu haujawahi kutiwa kifungo, nikauliza, Ba'mkubwa, hiyo ni haki kweli?

Akaniambia, "Mwanangu, paa ana miguu minne, mbwa ana miguu minne. Unataka haki ipi tena, tuwavalishe namba mgongoni?"

Futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni kwangu, nikasema paa mmoja miguu minne, mbwa sita miguu ishirini na minne, ongeza ya kwenu na matairi ya pikapu, hicho kipimo kachukua fundi gani?

"Hesabu ya cherehani hiyo," akasema. "Kama unakata nguo kama unavyokata maneno, wateja wako wanatembea uchi."

Tulicheka wote, hata mimi.

Sasa mshauri, mbwa wa kuwinda halishwi siku ya mawindo. Ndiyo kanuni yao: tangu Ijumaa mchana wanakaa na njaa, banda linafungwa kwa kufuli na ufunguo mume wangu anatembea nao, maana mbwa aliyeshiba hana sababu ya kumkimbiza mtu. Jumamosi iliyofuata, mwenyewe yuko gereji, mimi namtengenezea zipu ya suruali, nikapapasa mfuko nikaukuta ufunguo, nikauangalia, ukaniangalia, basi nikachemsha utumbo na ukoko, nikajaza karai, nikafungua banda, wakala mpaka wakawa wanapumua kwa taabu, nikaosha karai nikalificha nyuma ya tangi la maji, nikarudi kwenye zipu yangu.

Siku hiyo walirudi mikono mitupu. Ba'mkubwa alieleza kwa uchungu jinsi mbwa walivyoshuka kwenye pikapu, wakatembea mpaka kivuli cha kwanza, wakajilaza, na mmoja akakoroma, halafu paa akapita mbele yao mchana kweupe kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani kununua chumvi. Niliingia jikoni nikacheka nimeuma taulo.

Basi nikanogewa. Nikarudia Jumamosi ya pili na ya tatu na zilizofuata, na mambo yenyewe yananinyookea kama nimeombewa: mume wangu siku hizi amekuwa msahaulifu, kila Jumamosi asubuhi anauacha ufunguo juu ya cherehani yangu, Mungu ananisaidia, halafu kila Ijumaa anapita buchani anarudi na mfuko wa utumbo, nikimuuliza wa nini anasema weka tu, utaupatia kazi, na lile karai nalo juzi nimelikuta limetoka nyuma ya tangi liko karibu na mlango wa jikoni, nadhani ni paka.

Kilichonitoa jasho ni hukumu ya Jumamosi iliyopita. Kwao mbwa anayetangulia ndiye anayebeba lawama za wote, na anayetangulia ni Jemadari, mbwa mzee mwenye mdomo mweupe, ambaye mimba zangu zote mbili alilala mlangoni kwangu, na hata nikiweka karai yeye huonja kidogo kisha hukaa pembeni kuwasubiri wenzake wamalize. Ba'mkubwa anasema Jemadari ndiye anayewaharibu wengine. Alisema amesimama uani, funguo za pikapu mkononi, "Mbwa asiyewinda ni mdomo tu. Jumamosi ataingia msituni kwa miguu yake. Kutoka, hatoki." Mume wangu akainuka kwenda kuwawekea mbwa maji, na maji walikuwa nayo.

Nifanyeje? Nikisema, Ba'mkubwa ataniona nyoka wa nyumbani na mume wangu atajua wiki zote hizi amelala kitanda kimoja na adui yake. Nikinyamaza, Jemadari anakula risasi. Nikiacha kuwalisha, tunarudi kwa paa wa kijitoni. Nimefikiria hata suruali ya kuwindia ya Ba'mkubwa, iko hapa mezani inangoja kiraka, nikiibana mapajani hataweza kuruka hata mtaro, lakini nimeona huo ni utoto, au siyo? Na uniambie pia, kuwinda paa kwa mbwa ni haki, au mimi ndiye mwenye roho nyepesi? Usihofu kuichapa barua hii, Ba'mkubwa gazeti halisomi, hulitandika kwenye pikapu chini ya mbwa.

Ni mimi,
Mwenye Karai

JIBU

Mwenye Karai,

Barua yako nimeirukisha foleni. Waliokutangulia wanalalamikia waume wazinzi, nao wanaweza kusubiri, kwa kuwa waume hao wiki ijayo watakuwepo na uzinzi wao. Jemadari wiki ijayo hana.

Nianze na swali lako la mwisho, ndilo ulilolifunika kwa utumbo. Haki ya mawindo haipatikani kwa kuhesabu miguu. Hapo wewe na Ba'mkubwa mmekosea pamoja, ila yeye amekosea kwa sauti kubwa zaidi. Paa hajui kwamba kuna mashindano. Hata ukimwendea peke yako kwa mguu mmoja, yeye bunduki hana, kwa hiyo usawa tuuache. Kinachoulizwa ni kwamba anakufaje, na anakufa kwa muda gani. Mbwa mmoja anayefuata damu ya paa aliyejeruhiwa, ili asije akafia kichakani baada ya siku mbili za maumivu, huyo anafanya kazi ya huruma, na mwindaji mwenye akili humshukuru. Mbwa sita wanaopokezana kumkimbiza mnyama mzima mpaka asimame majini akitazama tu, hao wanamtesa kwa zamu. Ndiyo, wana kibali. Kibali kinasema unaweza kuwinda. Hakikulazimishi kucheka.

Kwa hiyo roho yako haina kasoro. Mikono yako ndiyo ina kasoro.

Umewashibisha mbwa kisha ukawaacha wapelekwe kukimbia juani. Mbwa akikimbia na tumbo limejaa, tumbo lile linaweza kujipinda, na akafa kwa maumivu makali kuliko ya risasi. Bahati yako ni kwamba mbwa wako walikuwa na busara ya kulala. Ulikuwa unamtetea paa kwa kuweka rehani matumbo ya mbwa sita, na sasa, hesabu ya cherehani ilipogoma, mzee mwenye mdomo mweupe ndiye anayelipa. Ulisema si haki wengi kumzunguka mmoja asiyejua lolote. Hebu hesabu tena: wewe, karai, kufuli na tangi la maji, mnamzunguka nani?

Ungekuwa mbele yangu ningekusubiri uone haya kidogo, kisha ningekupa maji ya kunywa. Sasa tuendelee.

Nimeisoma barua yako mara mbili na nimeona jambo ambalo wewe uliyeliandika hujaliona. Unasema mumeo amekuwa msahaulifu. Mtu huyu kazi yake ni rangi za magari. Anaona mkwaruzo wa unywele kwenye mlango wa gari jeusi. Amefuga mbwa muda wote wa ndoa yenu. Na wewe unataka niamini kwamba kila Jumamosi anawapakia kwenye pikapu mbwa wenye matumbo kama ngoma, wanaonuka utumbo, na haoni kitu? Utumbo wenyewe kaununua nani? Karai lililotoka nyuma ya tangi unasema ni paka. Dada yangu, paka anayebeba karai umpeleke kwenye sarakasi, mtatajirika.

Mara ya kwanza ufunguo uliuiba. Tangu hapo unapewa. Mungu ana kazi nyingi, na si yeye anayeweka ufunguo juu ya cherehani.

Mumeo alishaacha kuwinda siku ile ya kijitoni, alipoinama kukwangua kucha. Kinachomshinda ni kumwambia hivyo mtu aliyemlea. Akaona mkewe ana mdomo na ana karai, akakuachia kazi, akabaki na mikono misafi na uso wa msahaulifu. Mnapendana, hilo sina shaka nalo. Ila nyote wawili mmejificha nyuma ya mbwa mmoja, na kwa mzee wa umri wake huo ni mzigo mkubwa kuliko paa.

Inawezekana nimekosea. Simjui mumeo, nimesoma tu ulichoandika. Lakini kujua ukweli ni rahisi, na utafanya hivi.

Gazeti hili linatoka Alhamisi. Ijumaa jioni utumbo ukifika, mpokee na umwambie ahsante, huu ni wa kuwapa mbwa wakisharudi nyumbani na kutulia. Usiongeze neno, hata kama ulimi unakuwasha. Jumamosi asubuhi, ufunguo ukiuona juu ya cherehani, usiuguse kwa kazi yako ya siku zote. Mkimbilie kabla hajafika getini, uuweke kiganjani mwake, na umwambie, "Umesahau huu." Kisha mtazame usoni. Akicheka, mmeshaongea. Akiuchukua akarudi kuhakikisha kufuli bila kukutazama, basi mimi nimekosea kuhusu mumeo, nawe mwambie yote palepale, mmesimama, kabla hajaenda gereji.

Vyovyote itakavyokuwa, Jemadari asipande pikapu. Hilo litasemwa na mumeo, mbele ya Ba'mkubwa, saa sita, kwa sababu ni baba yake na si kazi ya mke kupigana vita vya mwana na baba. Aseme mbwa huyu amestaafu, atalinda mlango wa fundi wa nguo, kazi aliyoifanya mara mbili bila kulipwa. Kama naye mwenyewe hataki tena mawindo ya kupokezana, aseme siku hiyohiyo, na Ba'mkubwa akitaka kuendelea ahamishie banda uani kwake na achemshe chakula kwa mkono wake. Nina hakika hapo huruma kwa paa itaongezeka.

Ba'mkubwa atauliza kwa nini mbwa wamekuwa wakilala. Mwambieni kweli: walikuwa wameshiba. Atauliza ni nani aliyewashibisha. Hapo ndipo nitakapojua kama mna ndoa au mna ufunguo tu. Usiseme "mimi". Mumeo asiseme "yeye". Jibu ni "sisi", litamkwe kwa pamoja, kisha mnyamaze mpokee matusi. Mzee atawaka, ana haki ya kuwaka, mmempeleka msituni Jumamosi kadhaa kutazama mbwa wakikoroma. Msimjibu. Mpe chai.

Na ile suruali yake iliyo mezani, ishone kwa kipimo chake kamili, kiraka imara, mapaja huru. Atakapokuja kuichukua atahitaji nafasi ya kuinama, maana Jemadari atakuwa amelala mlangoni, na mbwa mzee haamki kumpisha mtu.