Bibi Alikuwa Anatania

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na blanketi limekufikia. Sisi wazima. Mama bado anafua mashuka ya hoteli, na Bibi anashona sare mlangoni huku akimsema kila anayepita.

Baba, mbona kimya? Tangu Bodi ya Parole ikukatalie kutoka mapema, hujanijibu hata barua moja. Wakili wa msaada wa kisheria anasema uamuzi ule unaweza kupingwa mahakamani, lakini lazima utie sahihi wewe mwenyewe, na muda wa kufungua shauri unayoyoma. Anasema umekataa kuonana naye. Tafadhali nieleze kwa nini. Nimeshakua, naweza kusikia.

Binti yako

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo afadhali. Mwambie Mama asijinyime kwa ajili yangu.

Umeuliza, nami nitakujibu. Niliiba mabati ya ghala nililopewa kulinda, nikafungwa kwa haki; hapo sina ugomvi. Lakini Bodi ilinisomea sababu yao. Ofisa wa ustawi alikuja nyumbani kuuliza kama nitapokelewa, na mama yangu mzazi akamjibu, "Kaeni naye hukohuko. Hapa tumeshasahau kukoroma kwake." Sasa nimshtaki nani, Bodi au mama yangu? Mtu asiyetakiwa kwao haendi mahakamani kulazimisha mlango.

Soma kwa bidii.

Baba yako

27 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo tena. Nilimsomea Bibi barua yako, na cherehani ikanyamaza.

Baba, unamjua. Mzoa taka humwita bwana harusi, mimi huniita mzigo wa karo. Ofisa alikuwa mgeni, akaandika kila neno kama lilivyotoka. Hakuuliza mara ya pili, hakumngoja Mama arudi kutoka kazini, na Bodi haikukupa nafasi ya kujibu. Wakili anasema hapo ndipo penye hoja.

Tulimpeleka Bibi kwa wakili akatoe kiapo cha maandishi. Njiani Mama alimsihi asilete mzaha. Kufika tu, akamuuliza wakili kama ile suti ameiazima. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akakaa, akavua miwani, akasema polepole, "Andika kwamba namtaka mwanangu. Nimechoka kumtania mtu ambaye hayupo."

Tia sahihi, Baba.

Binti yako

9 Julai

Mwanangu,

Hamjambo nyote? Mimi mzima kuliko nilivyokuwa.

Najua wakili aliwaambia kwamba jaji ametengua uamuzi wa Bodi. Hakuniachia, alisema hiyo si kazi yake, ila Bodi inisikilize upya na familia ihojiwe sawasawa. Basi jana Bodi ilikaa. Safari hii nilipewa kiti. Mwenyekiti aliniuliza nikitoka nitafanya kazi gani. Nikamwambia sijui, maana hakuna atakayenipa ghala tena. Wakatazamana. Nikarudi selo nikijua nimejimaliza kwa mdomo wangu mwenyewe, nikamwaza mama yangu, nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini.

Leo asubuhi wameniita. Wamekubali.

Usijibu barua hii. Jibu halitanikuta huku.

Baba yako