Binti Aliyeukalia Mkono Wake

Jumatatu, 4 Machi
Kesho kipimo cha mkono! Binti yangu ana miaka mitano na mtindio wa ubongo wa upande mmoja. Mkono wa kushoto mzito tangu azaliwe. Tumefanya mazoezi kweli kweli. Naona umeanza kusaidia — au ni macho ya mama? Nataka kujua, hata kama jibu litaniliza.

Baba yake kaufunika mkono wa kulia kwa soksi tangu juzi. Anaamrisha kama koplo: kushoto, kushoto! Nimemwambia anamchosha mtoto. Hasikii.

Jumanne, 5 Machi
Nimecheka hadi mbavu zinauma. Kipimo chenyewe ni kucheza tu mezani, kamera inarekodi, na mtoto haambiwi atumie mkono gani. Binti kaingia, kaketi — kaukalia mkono wa kulia! Kila kitu kwa kushoto. Shanga zimetapakaa sakafuni, jasho linamtoka, naye anamtazama baba yake kwa fahari.

Daktari wa mikono akazima kamera. Akatueleza kwa upole kwamba hapimi mkono mmoja ukihangaika peke yake; anapima ule mzito unavyosaidiana na mwenzake. Turudie Ijumaa. Na nyumbani ni marufuku kuutaja mkono wa kushoto! Baba mtu kaona haya. Nilimwonea huruma, kidogo.

Alhamisi, 7 Machi
Soksi imerudi kabatini. Asubuhi baba mtu kamwona binti anashika kikombe kwa mkono wa kulia peke yake. Kafungua mdomo, kameza maneno, katoka nje kuangalia mawingu. Hakukuwa na wingu.

Ijumaa, 8 Machi
Naandika humu humu chumbani, kiti cha nyuma. Tumekatazwa kusema, basi kalamu iseme. Kamera inawaka.

Kapewa kopo lenye kifuniko kigumu. Mkono wa kulia umeteleza. Kajaribu meno. Kalibana kwa magoti — mjanja huyu! Wa kushoto umelala tu mezani. Roho imeniuma. Kumbe nilikuwa najidanganya.

Katugeukia. Hatukupepesa jicho.

Ngoja — wa kushoto umesogea! Vidole vinafunguka, polepole, vimelikamata kopo. Hakuna aliyemwambia! Wa kulia unazungusha, wa kushoto umeshikilia. Nimeona. Daktari naye kaona, kalamu yake haitulii.

Kifuniko kimegoma. Binti anasonya, anakaza tena, na wa kushoto hauachii. Baba mtu analia kwa sauti, namkanyaga mguu anyamaze, maana kamera inasikia —