Miso ya Miaka Tisa

Sendai, 4 Juni 2023

Kwako Mama,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi sijambo, kazi tu nyingi. Najua simu huisikii vizuri siku hizi, ndiyo maana nakuandikia.

Kishkwambi nilichokuachia tulipomaliza kumbukumbu ya mwaka ya Baba usikifungie kabatini. Humo ndani kuna jedwali, nami naliona hukuhuku Sendai unapolijaza. Kila ukinunua kitu, andika bei kwenye kisanduku chake na jedwali litajumlisha lenyewe. Chini kabisa pana kisanduku kimoja kikubwa. Kikiwa kijani, pensheni yako inatosha. Kikiwa chekundu, haitoshi.

Tukumbushane tulivyokubaliana. Fundi paa anataka yeni milioni moja na nusu, na bila kutengeneza paa nyumba haivuki theluji nyingine mbili. Kama Novemba ikiisha na kisanduku bado ni chekundu, tunauza, unahamia kwenye fleti ndogo karibu na hospitali. Usinune, Mama. Tulikubaliana.

Yale madaftari yako arobaini na moja ya matumizi nimefika nayo salama. Nitayaingiza yote, tangu mwaka ulioolewa, tuone hela ilikuwa ikienda wapi.

Mwanao,
Chinami


Tsuruoka, 12 Juni 2023

Mwanangu Chinami,

Marahaba. Magoti ni yaleyale. Mvua za Juni zimeanza na maua ya uani yamefunguka, ya buluu mwaka huu. Unakula lakini?

Jedwali lako limenigomea siku ya tatu tu. Niliandika kama ninavyoandika siku zote: "Tofu ya duka la Igarashi 198, kaongeza kipande, mkewe amelazwa." Basi jumla ikageuka alama za ajabu. Nikaweka figili 150, bado alama. Nikalizima, nikanywa chai.

Daftari lina nafasi pembeni ya kuandikia neno moja la siku hiyo. Lako halina. Sasa mtu atajuaje kwa nini nilinunua kitu? Ukiniwekea safu ya maneno nitajaribu tena. Usiponiwekea, njoo uchukue kioo chako.

Na hilo la kununa, sikununa. Uso wangu ndio ulivyo.

Mama yako


Sendai, 3 Julai 2023

Kwako Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na mke wa Igarashi ametoka hospitali.

Safu ya maneno nimeiweka. Upande wa namba weka namba tupu, nakuomba, usimtie Igarashi ndani.

Juni umepungukiwa yeni elfu ishirini na moja. Nimeona sababu: bahasha tatu za rambirambi, elfu tano kila moja. Mama, mmoja wao ni binamu wa kinyozi. Kumpelekea rambirambi binamu wa kinyozi ni ukarimu gani huo? Punguza. Wafu hawadai.

Mimi nimefika mwaka 1989. Mwandiko wako ulikuwa mzuri.

Mwanao,
Chinami


Tsuruoka, 15 Julai 2023

Mwanangu,

Marahaba, hatujambo, mimi na mbu.

Wafu hawadai, walio hai wanadai. Baba yako alipofariki zilikuja bahasha mia moja na nne, nami nina orodha ya kila jina na kila kiasi. Huyo binamu wa kinyozi alileta elfu tano kwenye mvua, kwa baiskeli. Bahasha sipunguzi. Punguza mimi. Nimeacha gazeti, na maji ya kuoga nachemsha siku moja naacha moja.

Nikwambie ukweli, naogopa. Kila asubuhi nafungua kile kisanduku kabla sijanawa uso, nacho ni chekundu. Miaka arobaini na moja nimelala nyumba hii. Najua kwa miguu ubao upi unalia. Na pipa la miso ya supu nililolianza Februari haliwezi kuhamishwa, soya na chumvi vikitikiswa kabla havijaiva vinaharibika. Tangu nilipoolewa sijawahi kununua miso dukani, mama mkwe angefufuka. Kwenye fleti pipa nitaliweka wapi, kitandani?

Safu ya maneno inafaa. Asante.

Mama yako


Sendai, 20 Septemba 2023

Kwako Mama,

Shikamoo. Nisamehe, miezi miwili imepita bila neno. Kazi. Naona umekuwa ukijaza kila siku, na bado ni chekundu.

Leo sina la kuzunguka. Nimemaliza mwaka 2003, nikaliagiza jedwali linichoree kila kitu kwa mistari. Mstari wa mchele unapanda na kushuka. Mstari wa samaki vilevile. Kuna mmoja umelala kama mbao, haupandi wala haushuki. Kuanzia Aprili 1994 hadi Machi 2003, kila mwezi: "Miso, 15,000."

Mama. Tulikuwa watu watatu, na pipa tunalo. Wewe mwenyewe umeniandikia Julai kwamba hujawahi kununua miso. Kwa elfu kumi na tano kwa mwezi tungeoga miso.

Nimejumlisha. Ni yeni milioni moja na laki sita na elfu ishirini. Paa ni milioni moja na nusu. Hizo hela zilikwenda wapi?

Mwanao,
Chinami


Tsuruoka, 1 Oktoba 2023

Mwanangu Chinami,

Marahaba. Mpunga umekwisha kukatwa, asubuhi kuna baridi. Nimekaa na barua yako siku nane.

Nilikuwa na kibubu. Kila mwanamke wa mtaa huu alikuwa nacho, wengine chini ya kabati, wengine ndani ya gunia la mchele. Mimi nilikificha daftarini, palepale machoni pa baba yako, kwa sababu nilijua hatalifungua kamwe. Haba na haba, hujaza kibaba. Hela haikwenda popote. Iko posta.

Nilikuwa naweka ili nimwache baba yako. Haya, nimeandika. Hakunipiga, hakuwa mlevi. Alinyamaza tu. Kuna majira ya baridi nilihesabu maneno aliyoniambia kwa wiki, yakawa tisa, na matatu yalikuwa "chai". Nilipanga ukihitimu na kwenda Sendai nami niondoke. Machi ile tulikusindikiza stesheni. Treni ilipopotea, baba yako alilia hadi mhudumu akamletea kiti. Kisha akaniuliza, "Fusae, sasa tutakula nini sisi wawili?" Nikarudi naye. Sijutii, na wala sikusahau.

Sasa zamu yako. Wewe unasoma daftari langu, ukadhani mimi sisomi lako? Ulipotengeneza jedwali umeniachia na karatasi ya pili, pale chini, imeandikwa "Sendai". Niliibonyeza Juni nikidhani ni kitufe cha kuzimia, kumbe ni matumizi ya nyumba yako. Mchele wenu ulikuwa kilo kumi kwa mwezi, tangu Machi ni kilo tatu. Wembe hakuna. Bia hakuna. Aprili umenunua mashine ya kufulia ya mtumba na sufuria moja ndogo, na kodi ya nyumba imebadilika. Mumeo Yasuhiro alikaa kwenye kumbukumbu ya baba yako kwa heshima zote, akala, akaaga, na nyinyi tayari mlikuwa mmeachana miezi mitatu. Nimesubiri uniambie. Mficha uchi hazai, mwanangu.

Hela ile iliwekwa kwa ajili ya mwanamke anayetoka kwa mumewe. Wa kwanza hakutoka. Kazi yake haijabadilika. Niandikie namba ya akaunti yako. Nyumba uza, fleti nitaizoea.

Mama yako


Sendai, 5 Novemba 2023

Kwako Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Barua yako niliisomea ngazini na viatu mguuni.

Ni kweli yote. Yasuhiro ana mtu mwingine, tumeachana kwa amani, hatukugombana hata kwa sahani. Nilimwomba aje kwenye kumbukumbu ili ndugu wasiulize. Wewe hukuuliza, nikajidanganya kwamba hukuona.

Na kuna la pili, baya zaidi. Nilikusukuma uuze nikasingizia paa. Mama, niliogopa kwamba nyumba ikiwepo nitarudi, na kurudi nikiwa na miaka thelathini na minane na sufuria moja niliona ni aibu. Nikataka kusiwe na pa kurudi. Yaani nilikuwa tayari kukutoa kwenye nyumba yako kwa sababu ya uso wangu. Nimelia sana, na ninastahili.

Namba ya akaunti sikupi. Umesema kazi ya ile hela haijabadilika, nami nakubali. Lakini mwanamke anayetoka kwa mumewe anatoka aende wapi? Anataka paa. Nimempigia fundi Ohba, anaanza tarehe 13, kabla theluji haijashika. Nenda posta Ijumaa, na muhuri wako usiusahau, bila huo hawatoi hela.

Mwisho wa mwaka naomba nije. Siku tatu hivi.

Mwanao,
Chinami


Tsuruoka, 18 Desemba 2023

Mwanangu Chinami,

Marahaba. Theluji ya kwanza ilianguka jana, imekaa juu ya paa jipya vizuri, hakuna tone ndani. Ohba ni fundi hodari ila anakula. Kazi ya vigae ilipokwisha nilimfungashia miso. Pipa nimelifungua, limetoka jekundu na chumvi yake sawasawa.

Yeni laki moja na elfu ishirini imebaki. Umeme, bahasha mbili, mafuta ya taa, yote nimeandika. Novemba imekwisha na kisanduku bado ni chekundu, kwa elfu kumi na nane. Sheria uliitunga wewe, basi amua wewe.

Mwezi wa Januari nimeuanza mapema. Utaona kwenye mchele nimeandika kilo kumi. Sijakosea kubonyeza. Usifute.

Mama yako


Sendai, 21 Desemba 2023

Mama,

Shikamoo. Nimeona kilo kumi. Sikufuta.

Ofisini wamekubali hesabu zao nizifanyie huko, niwe naja Sendai kwa basi mara moja kwa wiki. Kwa hiyo kwenye karatasi ya "Sendai" kodi ya nyumba nimeandika sifuri, na kwenye yako nimeongeza mstari mmoja wa mapato: "Chinami, 30,000, kila mwezi." Kifungue kile kisanduku kabla hujanawa uso. Ni kijani.

Chini ya mchele nimeongeza na mstari mwingine, "Miso, 5,000." Pipa tunalo, najua. Usiniulize ni ya nini, nami sitakuuliza yako.

Nafika tarehe 28, treni ya saa tisa alasiri. Nina begi kubwa na sufuria moja. Usije stesheni, barafu inateleza.

Mwanao,
Chinami