Mwanafunzi wa Baba

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, za mama na za baba. Natumaini wewe, shemeji na wanangu mko wazima, na kifua cha yule mdogo kimeshatulia. Sisi huku tunapumua. Magoti ya mama yanamsumbua kama kawaida yake, mimi ni mzima wa mwili, na habari za baba nitakuja kuzieleza kwa kituo, kwa kuwa ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu, wewe uliyezoea ujumbe wangu wa sauti usio na mwisho. Lakini nyumba yetu unaijua, ukikohoa jikoni unaambiwa pole sebuleni. Kiharusi kilimchukulia baba mkono na maneno, masikio hakikuyagusa. Nimechoka kukunong'oneza kwenye simu bafuni huku nimefungulia maji. Mwenzako wa kazini aliyekuja likizo amekubali kukuletea barua hii. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Tulipoongea mara ya mwisho uliniuliza mbona baba hajaanza kwenda kwa yule mtaalamu wa kuwafundisha watu kusema upya, wakati hela ya mashine ipo. Nikakujibu kwamba mtaalamu ana wagonjwa wengi. Dada, nilikudanganya. Hela ya mashine haipo, haijawahi kuwepo.

Unakumbuka tulivyokubaliana sote, na baba mwenyewe akaitikia kwa kichwa, kwamba ile mashine ya kusagia lenzi za miwani iuzwe. Mimi dukani naweza kumuuzia mtu fremu mpaka akaondoka anajiona waziri, lakini kusaga sijui, na mkono wa baba wa kulia haushiki hata kijiko. Basi niliifuta vumbi, nikaipiga picha kila upande, nikaiweka kwenye soko la mtandaoni pamoja na namba yangu. Huko nako kuna watu! Mmoja aliuliza kama inanoa visu. Mwingine alitaka tubadilishane na pikipiki yake isiyo na injini, akanihakikishia kwamba tairi ni mpya. Wengi waliuliza kama bado ipo, nikijibu ipo, wanapotea kama waliotumwa kuuliza tu.

Ndipo akaja huyu. Ukurasa wake ulikuwa na picha ya duka la miwani, safi, lenye kioo kikubwa. Hakunikatisha bei kwa ukorofi, alipunguza kidogo kwa adabu, akasema anataka kuja kuiona kwa macho yake. Nikajisemea kwamba mwizi hawezi kuja nyumbani kwa mtu mchana kweupe. Ndivyo akili yangu ilivyokuwa ikifanya kazi, mimi ambaye nyote mnaniita Kiherehere kwa kuwa eti hakuna kinachonipita.

Sasa hapa lazima nikukumbushe utaratibu wa baba. Yule mzee aliyemuuzia mashine hii ujanani alikataa kupokea pesa mpaka baba akae kitini na kusaga jozi ya kwanza kwa mkono wake. Baba naye hajawahi kuuza hata koleo la fremu bila kumkalisha mnunuzi na kumwonyesha, na mambo ya pesa huwa hayatajwi mpaka somo liishe. Kwake ni aibu, ni kama kumdai mgeni nauli kabla hajakaa. Nilipomweleza mnunuzi hivyo, nikidhani atalalamika kwamba ana haraka, alisema hilo ndilo hasa analolitaka.

Alikuja Jumapili asubuhi, mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti nzito isiyo na haraka. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Baba alimkalisha kwenye mashine, akawa anamwelekeza kwa mkono wa kushoto, akimgonga kidole akikosea, kama alivyokuwa akitugonga sisi. Maneno hayakumtoka, ila ile sauti yake ya "mm" na "mm-mm". Walishinda hapo, nami nikamwandikia namba ya baba ili apige akikwama. Mama akapika, tukala naye sahani moja, na mchana ulipoanza kuisha yule bwana akasaga jozi yake ya kwanza. Baba aliinyanyua kwenye mwanga, akaigeuza, akacheka. Dada, baba alicheka. Upande mmoja wa mdomo tu, lakini alicheka.

Baada ya hapo ndipo ikaja pesa. Alibonyeza simu yake mbele yangu, na yangu ikalia. Ujumbe ulikuja ukiwa na jina la benki na kila kitu, umepokea kiasi fulani kutoka kwa fulani. Nilitaka kuangalia salio, mtandao ukawa unazunguka tu. Vijana wa gari walikuwa wameshainyanyua mashine. Ningemwambiaje mtu niliyekula naye sahani moja asubiri nimhakiki? Nilimtazama baba, naye akapunga mkono wake mzima kwamba mwacheni mtu aende zake. Nikaona haya, nikamwacha.

Jumatatu benki wakaniambia hakuna kilichoingia. Yule dada wa dirishani aliutazama ujumbe wangu, akaniambia kwa upole kwamba jina la mtumaji linaweza kutengenezwa na yeyote, na kwamba mimi si wa kwanza. Nilipofungua ukurasa wa mnunuzi, haukuwepo. Ile picha ya duka nikaja kugundua ni ya watu wengine kabisa, wasiojua lolote. Nilikuwa nimepigwa changa la macho, tena ndani ya nyumba ya fundi miwani. Polisi walinisikiliza, wakaandika, kisha ofisa mmoja akanieleza kwamba namba niliyowapa imeshazimwa, na nikipata namba yake nyingine inayofanya kazi, niilete siku hiyo hiyo. Alisema wakiwa na namba hai wanaweza kumfikia.

Mama nilimwambia. Baba hapana. Daktari alishasema asishtuliwe, na sisi tukamwambia pesa iko salama. Yeye wala hakuiulizia. Alichokuwa akiulizia, kwa kuonyesha pale mahali palipokuwa na mashine na kupandisha nyusi, ni kama yule mwanafunzi wake ameshaanza kazi.

Sasa sikiliza. Siku moja simu ya baba, ile ndogo ya vitufe, ililia nikiwa namnyoa ndevu. Nikampokelea na kuweka sauti nje. Ilikuwa sauti nzito isiyo na haraka. Ikamwamkia baba shikamoo, ikamuuliza hali, ikasema kwamba lenzi zinachubuka pembeni kila akisaga, hajui anakosea wapi. Wembe ulikuwa mkononi mwangu na sikuweza kuuweka chini wala kuuendeleza. Baba alikaza uso mpaka mshipa ukamsimama, midomo ikahangaika, na kisha nikamsikia akisema, "Maji." Akapumzika. "Maji kwanza."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza ya kueleweka tangu augue. Mama alitoka jikoni na mwiko wake, akasimama hapo akilia bila sauti.

Nilielewa upesi kilichokuwa kikiendelea. Yule mtu alikuwa ameibeba mashine asiyoiweza, na huyo anayetaka kumuuzia hataki kununua kitu kisichofanya kazi. Kwa hiyo alikuwa akijifunza kwa baba namna ya kuuza mali ya baba. Nilijua hivyo kabisa, na bado nikawa naisubiri simu yake kuliko hata baba. Maana alipiga tena, na tena. Kwenye simu huwezi kumgonga mtu kidole, huwezi kumwonyesha kwa mkono wa kushoto. Ilimbidi baba atafute maneno. Alianza na moja moja, baadaye mawili matatu yakishikana mikono. Akaweza kusema "geuza taratibu" na "usilazimishe". Siku moja alimaliza sentensi nzima kuhusu kukaza lenzi isicheze, akanigeukia akiwa na jasho, uso wake ukiwa na fahari ambayo sikuwa nimeiona tangu siku uliyopata cheti chako. Mama yeye kila simu ikilia alikuwa anatoka nje. Alisema hawezi kukaa chumba kimoja na sauti ile.

Mara moja tu niliongea na yule mtu. Baba alikuwa amesinzia, nikatoka na simu mpaka nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeandaa matusi ya kumtosha yeye na ukoo wake. Nilipomtajia kwamba tunajua, aliniuliza, "Mzee anajua?"

Nikasema hajui.

"Basi usimwambie, dada. Ananifundisha vizuri sana."

Nilimwomba, dada. Mimi, unavyonijua mdomo wangu, nilimwomba atulipe kana kwamba ni mimi niliyemkosea. Nilimweleza habari za mtaalamu na maneno ya baba. Alisema hayuko peke yake katika jambo hili, na mashine imeshapata mwenyewe, inasubiriwa tu ikae sawa. Alisema hayo kwa upole uleule aliovulia viatu. Kisha akaniambia nimsalimie mama.

Namba ile ilikuwa hai. Ilikuwa hapo kwenye kioo cha simu, ningeweza kuinakili na kwenda kwa yule ofisa kwa miguu. Nilifika hadi kwenye ngazi za kituo. Nikamfikiria baba akiambiwa mwanafunzi wake ni nani, nikafikiria na simu itakayokaa kimya. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama ofisa hakuwepo.

Na hilo si baya zaidi. Wiki iliyofuata yule mtu alimwambia baba kwamba jiwe la kusagia limeisha makali. Baba akashtuka, akanionyesha kabati. Kumbe lile jiwe jipya la akiba, lililofungwa kwenye kitambaa, lilibaki kwetu. Baba alijiona amemuuzia mtu mashine pungufu. Alikataa kula. Alikaa na lile jiwe mapajani akirudia, "Ni lake. Ni lake." Nilifikiri kumtumia yule mshenzi jiwe la barabarani, na ningefanya hivyo, lakini baba alilifunga mwenyewe kwa mkono mmoja na meno, akakataa nimsaidie, kisha akanikabidhi na kunitazama mpaka nikatoka mlangoni.

Nililipeleka kwenye ofisi ya mabasi. Nikaandika jina na kituo alivyomtajia baba simuni, nikalipia usafirishaji. Mashine ya baba yetu ilikuwa imeibwa, nami nikamtumia mwizi kipuri. Huo ndio ukweli nilioshindwa kukwambia bafuni. Nikasirikie, unayo haki yote. Kama una matusi niandikie, nitayasoma yote.

Jiwe lilifika. Alipiga kushukuru, akamwambia baba kwamba sasa mashine inasaga vizuri kabisa. Baba akamwambia, kwa sentensi iliyochukua muda mrefu lakini ikafika mwisho wake, kwamba sasa yeye ni fundi. Tangu hapo hajapiga. Nimeijaribu namba, imezimwa. Hata nikienda kwa ofisa leo sina cha kumpelekea.

Baba anashinda na simu mapajani. Ananiuliza kwa nyusi, kama zamani. Mimi na mama tunajaribu kumwongelesha, lakini kwetu hahitaji maneno, anajua tutaelewa akinyoosha kidole, basi ananyoosha kidole. Yale maneno, dada, yanaondoka. Juzi alitaka kusema "taratibu", akalitafuta neno, hakulipata, akageukia ukutani. Sina hela ya mtaalamu, sina mashine, sina la kufanya. Nimefikiria kila kitu mpaka nimebaki na hiki kimoja tu, nacho naona aibu kukiandika.

Shemeji ana sauti nzito. Baba hajawahi kuongea naye kwenye simu zaidi ya salamu za sikukuu, na ile simu ya vitufe inakwaruza kiasi kwamba sauti zote zinafanana. Nakuomba umbembeleze ampigie baba kwa namba asiyoijua. Aanze na shikamoo, aongee polepole, ajiite mwanafunzi wake. Asiulize habari za maji, hizo zimeshajibiwa na baba atashangaa. Aulize namna ya kusaga lenzi za mtu ambaye macho yake mawili hayalingani. Swali hilo nililisikia nikiwa mtoto dukani, na jibu lake ni refu.

Nisalimie watoto mmoja mmoja. Mama anakuombea, na anasema usimlaumu mtu. Baba angekusalimia mwenyewe kama ningemwambia ninakuandikia. Mfikishie shemeji salamu zangu kwa heshima zote, na mwambie baba akianza kueleza asimkatize.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere