Mkungu wa Ogembo

Mama Achieng wangu,

Natangaza rasmi: leo sokoni Ogembo mumeo ameshindwa kubeba mkungu wa ndizi. Nilisikia potasiamu iliyo kwenye ndizi inalinda neva, nikaununua wote kwa ajili ya mkono wako uliolala tangu kile kiharusi. Hotelini, nikinywa chai, nesi mmoja niliyemweleza akanicheka: "Baba, seli ya neva ina vijilango vyake. Damu ikipungua vinafunguka, potasiamu inatoka, seli inatulia isijichoshe ikafa. Ndizi haivifungui."

"Na zilizokwisha kufa?"

"Zilizobaki zinafundishika. Msaidie mazoezi."

Jipe moyo, mpenzi. Nakuja na mkungu hivyo hivyo, kwa bodaboda. Ukweli wenyewe wa kushindwa kuubeba ni huu: mvua ilinyesha, nikamenya moja, nikakumbuka ulivyokuwa ukinimenyea kwa mkono huo, nikaketi kando ya mkungu nisiweze kuuinua.